Fungu la vitabu 11 kwa dola 38: tulichonunua na tulichokiacha

Saa nne usiku mpwa wangu alinirushia picha kwenye simu bila salamu, jambo ambalo mama yake akilijua litaitishiwa kikao. Picha ilionyesha majalada ya vitabu yamepangwa kama sahani dukani: vyombo vya anga, sayari yenye pete, mtu aliyevaa kofia ya kioo. Chini yake bei. Dola 18 kwa vitabu vinne, dola 38 kwa vyote 11. Pembeni saa inahesabu kurudi nyuma, zimebaki siku 19. "Shikamoo mjomba" ilifika baada ya dakika mbili, na nyuma yake neno moja: "Tununue?"

Huku kwetu Lindi mpwa akisema "tununue", mnunuzi ni mjomba. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo nilichukua kalamu, na hesabu yote naiweka hapa kwa sababu nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kama mafungu haya ya vitabu vya michezo, yanayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, yana faida kwa mtu anayeishi mbali na duka lolote la michezo.

Kwa asiyeijua, hii ni michezo ya kuigiza mezani. Iliyofungua njia ni Dungeons & Dragons ya Marekani, mwaka 1974. Hakuna ubao wala mshindi. Mmoja ni refa, anaeleza mahali na yaliyotokea. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na mashaka kama jambo litawezekana, dadu inaamua. Sisi tuko watano: mpwa wangu ndiye refa, halafu mimi, muuguzi mmoja, mwalimu wa jiografia na kijana wa bodaboda. Tunakaa barazani kwa dada yangu kila Jumamosi baada ya alasiri, na tunaondoka mbu wakizidi. Kwa mwaka mzima tulicheza mchezo wa mapanga na majoka kwa kanuni za bure. Kusema kweli hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulijali joka.

Fungu lenyewe lilikuwa la Traveller, mchezo wa bunilizi za kisayansi uliotolewa mwaka 1977 Marekani na kampuni ya Game Designers' Workshop, mtunzi wake Marc Miller. Siku hizi unachapishwa na Mongoose ya Uingereza, iliyotoa toleo lake la kwanza mwaka 2008 na la pili mwaka 2016. Vilivyokuwa vinauzwa ni nakala laini, mafaili ya PDF tu. Hili ndilo lililonifanya nisikatae palepale. Kitabu cha karatasi chenye jalada gumu ni kama kilo moja, na kukisafirisha kutoka ng'ambo hadi Lindi kungemeza punguzo lote kabla hakijavuka daraja la Rufiji.

Jambo la pili lililoupa mchezo huu alama kwangu ni dadu. Traveller inatumia dadu za kawaida zenye pande sita, mbili kwa wakati mmoja. Zile za ludo. Michezo mingi mingine inadai dadu yenye pande 20, na mimi sijawahi kuiona ikiuzwa Lindi wala Mtwara. Kwenye mchezo wa majoka tulikuwa tunatumia programu ya simu badala yake. Simu ikirusha dadu hakuna anayepiga kelele. Zikirushwa mbili za ludo kwenye sinia la bati, hata majirani wanachungulia.

Mpwa wangu alianza kwa hoja ambayo kila muuzaji anaiombea ianzwe nayo: "Mjomba, vyote bei yake halisi inapita dola 200."

Nilimwambia namba hiyo aiweke kando, haina kazi. Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha korosho misimu sita, na kwenye mzani kuna jambo unalijifunza mapema: uzito unaosomeka siyo uzito unaolipwa. Gunia nalo lina uzito wake, lazima utolewe. Halafu hata ikishakuwa korosho tupu, ukizibangua kilo nne au tano za korosho ghafi unapata kama kilo moja ya kiini. Dola 200 ni gunia pamoja na maganda. Mimi nilitaka kujua kiini ni kilo ngapi.

Tukaanza kubangua. Kitabu kimoja kimoja, swali moja: hiki kitafunguliwa Jumamosi ipi? Siyo "kizuri?", maana vyote ni vizuri, vimechorwa na watu wanaojua kazi. Kwenye vinne vya dola 18 kulikuwa na kitabu kikuu cha kanuni, kitabu cha vyombo vya anga chenye ramani za ndani, na vijitabu viwili vya visa vilivyokwisha kuandikwa ambavyo refa anavisoma na kuvichezesha. Kwenye saba vya nyongeza: visa vingine vitatu, vitabu viwili vya kueleza maeneo ya anga na sayari zake, kimoja cha viumbe wageni, na katalogi ya vifaa na silaha.

Hapo pana mtego, na mpwa wangu aliuingia akikimbia. Vinne kwa dola 18 ni dola nne na nusu kila kimoja. Saba vya nyongeza kwa dola 20 havifiki hata dola tatu kila kimoja. Ukihesabu kwa kichwa cha kitabu, fungu kubwa ni rahisi zaidi, na ndivyo wauzaji wanavyotaka uhesabu. Tukahesabu kwa vitakavyofunguliwa. Kwenye vinne tuliona viwili: dola tisa kila kimoja. Kwenye saba tuliona kimoja tu, katalogi. Dola 20 kwa kitabu kimoja, vingine sita ni maganda.

"Lakini mjomba, hivyo sita navyo tutavisoma tu."

"Nani atavisoma?"

Akanyamaza. Kati yetu watano, yeye na mwalimu ndio wanaosoma kurasa 200 za Kiingereza bila kupumzika njiani. Muuguzi anasoma Kiingereza kila siku kazini, lakini mwenyewe anasema Kiingereza cha dawa siyo Kiingereza cha kukimbizana na maharamia wa angani. Kijana wa bodaboda anataka kuambiwa. Kwa maana hiyo kila kitabu tunachonunua kinalipiwa mara mbili, kwa fedha na kwa masaa ya mpwa wangu ya kukisoma na kutusimulia. Masaa hayo hayakuwa na punguzo.

Kulikuwa na gharama nyingine aliyokuwa hajaihesabu. Kanuni zikibaki kwenye simu moja, watu wanne wanamsubiri mtu mmoja atafute ukurasa. Faili lenye picha nzito linafunguka polepole, linajifunga, betri inakwisha. Lazima angalau sura za muhimu ziwe kwenye karatasi. Nikachukua kurasa za mfano zilizotolewa bure kwenye tangazo, nikazipeleka steshenari ya karibu na stendi ninakotolea kopi za fomu za chama. Bei ya hapo ni shilingi 100 kwa ukurasa mweusi na mweupe. Binti akafungua faili, akashusha kurasa mbili tatu, akaniangalia.

"Baba, hizi kurasa zimejaa weusi."

Kweli. Anga ni nyeusi, na mchoraji alikuwa ameijaza anga kwenye ukurasa mzima, nyota zikiwa vitone vyeupe na maandishi juu yake meupe. Akatoa mmoja kwa majaribio. Karatasi ilitoka imelowa wino, imejikunja pembeni kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na maandishi madogo yalikuwa yamemezwa. Akasema kurasa za namna hiyo hatazitoa kwa 100, atazitoa kwa 300, na akazitazama kama mtu anayeomba nikatae. Zile zenye usuli mweupe hazikuwa na shida. Ukiwa na nia ya kuchapa, omba kurasa za mfano na uziangalie kwa jicho la binti huyu kabla hujalipa. Mimi tangu siku hiyo rangi ya usuli naihesabu kama sehemu ya bei.

Fungu zima lilikuwa na kurasa zinazopita 1,400. Kwa shilingi 100, hata tukisahau zile za anga, ni shilingi 140,000 na zaidi. Dola 38 zenyewe, kwa Novemba 2024 dola ikiwa shilingi 2,650 hivi, ni kama 100,700. Kuvichapa kunazidi kuvinunua. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuchapa vyote, lakini namba hizo mbili zilivyokaa pamoja kwenye daftari zilimpoza kijana.

Sasa kuna kitu cha bure. Kampuni ya Mongoose ilipotoa toleo la 2008 iliweka sehemu ya kanuni chini ya leseni huria, na kutokana na maandishi hayo mtunzi mwingine, Jason Kemp, akatengeneza Cepheus Engine mwaka 2016. Mifupa ni ileile: dadu mbili, ukifika 8 umefanikiwa, mhusika anajengwa kwa kupitia miaka yake ya kazi minne minne kabla mchezo haujaanza. Unailipia unachotaka, hata sifuri. Michoro hakuna. Kwa steshenari yetu kukosa michoro ni baraka.

Tukakubaliana hivi: saa ya tangazo inahesabu siku 19, ndani yake mna Jumamosi mbili. Tucheze mbili hizo kwa kanuni za bure, halafu tuamue kwa tuliyoyaona. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya, na halikuwa wazo langu, lilikuwa la muuguzi. Alisema wodini hawampi mtu dozi nzima ya dawa asiyoijua.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda yote kwenye kujenga wahusika. Mwalimu alipiga hesabu na kututangazia kuwa dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na 15 tu ndizo zinazofika 8 au zaidi, kwa hiyo asiye na ujuzi atashindwa zaidi ya nusu ya mara. Alisema hivyo kisha akarusha 3. Katika toleo la 1977 mhusika wako aliweza kufa wakati unamjenga, kabla hujacheza hata dakika moja. Siku hizi mara nyingi anapata mkosi na kufukuzwa kazi. Wa kwangu alitoka jeshini na jicho moja na umri wa miaka 46. Nilimpenda mara moja.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyoamua. Refa alitupa chombo cha biashara na akaeleza kuwa kina deni. Kanuni ya deni hili imo kwenye mchezo tangu zamani. Chukua chombo cha tani 200 cha matoleo ya mwanzo, bei yake krediti (fedha ya mchezo huu) milioni 37.08. Kila mwezi unalipa sehemu moja ya 240 ya bei hiyo, yaani krediti 154,500, kwa miezi 480.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameegemea nguzo, nusu anasikiliza nusu anaangalia pikipiki yake. Akajiinua. "Ngoja refa. Miezi 480 kwa sehemu ya 240. Mwisho nimelipa vyombo viwili, nimepata kimoja?"

"Ndiyo."

"Huu ni mkataba. Wangu uko hivihivi." Akavuta kiti mezani, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kucheza. "Hesabu ya bosi mwezi huu tunaipata wapi?"

Masaa mawili yaliyofuata hatukuona adui hata mmoja. Tulibishana tupakie shehena gani, tuiuze sayari ipi, tumchukue abiria asiyetaka kutaja jina au tumwache. Ukifanya biashara kwenye mchezo huu hakuna habari inayofika mbele ya chombo. Mruko mmoja kutoka nyota hadi nyota unachukua kama wiki, na bei uliyoisikia ni ya wiki iliyopita. Mwalimu, ambaye ni mtu mzima kunizidi, alisema hiyo ndiyo Lindi aliyoijua kabla ya daraja la Mkapa, hilo la Rufiji, kufunguliwa mwaka 2003: masika ikichachamaa, gazeti linakufikia habari zake zimeshaoza. Muuguzi akaongeza kuwa siyo zamani sana, mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Kilwa, bei za sokoni zilibadilika mchana na jioni.

Hapo vitabu vya visa vikafa. Refa hakuwa na haja ya kuandikiwa kisa, meza ilikuwa inajizalishia. Na alikuwa na kingine kichwani. Tendaguru iko mkoani kwetu hapa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu, mzigo juu ya mzigo, hadi bandari ya Lindi ikapakiwe meli. Zaidi ya tani 200. Dinosaria mmoja kati ya hao amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wake wa kwenda juu unapita mita 13, siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo mpwa wangu hakulipata shuleni, alilipata kwa kusoma mwenyewe. Akaigeuza: sayari kavu, makreti yenye mifupa, mteja tajiri anayelipa vizuri ajabu, na msimamizi wa wabebaji anayekuja usiku kwenye chombo kumwuliza nahodha kama anajua anachobeba ni cha nani. Tulicheza kisa hicho Jumamosi nne baadaye. Hakuna kitabu cha dola tatu ambacho kingetupa Jumamosi ile.

Lakini kanuni za bure nazo zilitukwamisha mahali pamoja. Maharamia walipotufuata, hakuna aliyeweza kuona moyoni chombo chetu kikoje ndani, nani yuko mtamboni, mlango wa shehena uko wapi, ukifungwa nani anabaki nje. Maneno hayakutosha, tulitaka ramani. Na kitabu cha ramani kilikuwa kwenye vile vinne.

Ikabaki siku moja. Mpwa wangu alijaribu mara ya mwisho, "tofauti ni dola 20 tu mjomba", nami nikamwambia hizo 20 zinachapa kurasa 500. Tulinunua vinne. Kadi ya mtandaoni ya simu ilikataa malipo kwanza, kwa sababu kiwango walichobadilishia dola kilikuwa juu ya nilichopiga, salio likapungua kwa shilingi mia chache. Nikaongeza, ikakubali. Jumla ilitoka karibu shilingi 50,000, wakati dola 18 kwa hesabu ya daftarini zilikuwa 47,700. Kama ungekuwa unanunua kwa kubana hadi senti, pengo hilo liweke mapema.

Tulichapa kurasa 64: sura za kujenga wahusika, za mapigano na za biashara kutoka kitabu kikuu, na ramani tatu za vyombo, kwa ajili ya meza yetu tu. Binti wa steshenari alizikagua moja moja kabla ya kukubali. Ramani ya chombo chetu tumeibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kipande cha boksi la sabuni, na vifuniko vya soda ndio sisi.

Kuna mahali nilikosea. Katalogi ya vifaa niliiona ina nafasi ya kutumika, lakini si ya dola 20. Tangu tuanze, hakuna Jumamosi inayopita bila mtu kuuliza bunduki fulani bei gani, nguo ya angani inahimili muda gani, mtambo wa kusafishia maji uzito wake kilo ngapi. Refa anabuni papo hapo, anasahau alichobuni, mwalimu anamkumbusha kwa daftari. Ningekuwa na katalogi ile tungeifungua mara nyingi kuliko kitabu cha ramani. Iliuzwa peke yake wakati ule kwa bei karibu na hizo dola 20, kwa hiyo hesabu yangu kama hesabu ilisimama, lakini makisio ya matumizi yalikuwa mabovu. Niliwapima wachezaji kwa jinsi walivyocheza majoka, na pale hakuna aliyewahi kununua kitu. Vile vijitabu viwili vya visa vilivyokuja na fungu, hadi leo hakuna aliyevifungua.

Leseni ya kanuni za bure inataja kutafsiri miongoni mwa mambo unayoruhusiwa kuyafanya, mradi ufuate masharti yake. Vitabu tulivyovinunua havitoi ruhusa hiyo. Kwa hiyo tafsiri inafanywa kutoka Cepheus peke yake, kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu, kwa mwandiko wa mpwa wangu na masahihisho ya mwalimu. Wamefika ukurasa wa 31. Neno la kuruka kati ya nyota lilibishaniwa jioni nzima, mwalimu akitaka "mruko", kijana wa bodaboda akitaka "kuvuka", akisema kuruka ni kwa kuku. Limeandikwa "mruko" na kufutwa mara mbili. Deni la chombo limeandikwa "mkataba" bila mjadala. Nahodha wetu ana miezi miwili hajapeleka hesabu, na Jumamosi iliyopita alimwomba refa aache kwanza sura ya sayari atafsiri ile ya madeni.